Ile 254 ya mbele ya namba yako ya simu

Assalamu aleykum, hamjambo nyote, na mliosimama kule nyuma poleni, viti vimeisha, nitajaribu nisiwachoshe miguu.

Nilipoambiwa nije nizungumzie namba moja tu, namba yoyote nzima nitakayo mwenyewe, kila niliyemwambia alidhani nitachukua 001. Sisi watu wa Mombasa na 001 yetu jamani, kaunti ya kwanza kwenye orodha, tumeiandika kwa fulana, kwa vioo vya matatu, kwa kuta. Nikasema la. Hiyo 1 yataka siku yake peke yake manake kwanza lazima tubishane kama ni namba tasa, yaani yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, ama si tasa (si tasa, tumemaliza). Nikafikiria na 041, ile ya simu za mezani za hapa, manake 41 ina kisa kitamu: chukua 0, 1, 2, 3 mpaka 39, kila moja izidishe na ile inayoifuata, kisha ongeza 41, kila mara utapata namba tasa, arobaini mfululizo bila kuteleza hata moja, mwanahesabu Leonhard Euler aliligusa jambo hili karne ya 18. Ukifika 40 ndo inavunjika. Lakini simu ya mezani nani anayo siku hizi, kwa hivyo nikaja na 254, namba ya simu ya Kenya, ile iliyo kwenye mfuko wa kila mtu humu ndani.

Nawaambia ukweli mapema, 254 ukiitazama kwa haraka haina sura. Ni shufwa, kwa hivyo si tasa. Si mraba wa namba yoyote. Vigawo vyake ni vinne tu, 1, 2, 127 na yenyewe, na ukiiacha yenyewe ukajumlisha hivyo vitatu vingine wapata 130, nusu yake na kidogo juu, basi wanahesabu wanaiita pungufu na wanapita. Wala haiwezi kuwa tofauti ya miraba miwili, chukua mraba wowote utoe mraba wowote, 254 hutaipata hata ukeshe. Sababu ni fupi: namba ikigawanyika kwa 2 lakini ikakataa kugawanyika kwa 4, mlango huo umefungwa, na 254 ndo iko hivyo.

Sasa mbona nimeichagua? Kwa sababu 254 haitazamwi peke yake. Yatazamwa kama 256 toa 2, na 256 ni 2 kwa kipeo cha 8, yaani 2 nane zimezidishwa pamoja. Karibu kila kitu kizuri cha 254 kinatoka kwenye hiyo mbili iliyopungua, na vile ambavyo havitoki hapo nitawaonyesha pia, manake kuna watu humu wanapenda kuona miujiza kwenye namba, na si kila kitu ni muujiza jamani.

Tuanze na vijana wanane wamekaa barzani Mji wa Kale jioni. Mmoja asema twendeni Likoni. Kila mmoja ana mawili tu ya kuchagua, avuke feri ama abaki kisiwani. Wa kwanza ana njia mbili, ukimuongeza wa pili zinakuwa nne, wa tatu nane, wa nne kumi na sita, unazidi kufanya maradufu hivyo hivyo mpaka wa nane umefika 256. Kati ya hizo 256 kuna mbili ambazo kundi halikugawanyika: wote wanane wamevuka, ama wote wanane wamebaki pale pale wanabishana kuhusu mpira. Zitoe. Zilizobaki ni 254, njia 254 za kundi kugawanyika kikweli, hawa ng'ambo na hawa huku. Na kama hujali nani yuko upande gani wa maji, wajali tu nani yuko na nani, basi kila mgawanyiko umeuhesabu mara mbili, ugawe kwa mbili, 127. Hiyo 127 ishikeni vizuri tutairudia.

Kuna mtu wa mitandao humu? Naona mikono. Haya, nyinyi mwaijua hii ila labda hamkujua kwamba ni wale vijana wa Likoni. Ruta nyingi za nyumbani zinagawa anwani zinazoanza na 192.168.1 halafu nukta halafu namba ya mwisho, na hiyo namba ya mwisho kompyuta inaiandika kwa biti nane. Biti nayo ina mawili tu, 0 ama 1. Biti nane, basi 256. Zote nane zikiwa 0, hiyo ni anwani ya mtandao wenyewe, hakuna kifaa kinachopewa. Zote nane zikiwa 1, hiyo ni 255, nayo ni ya kutangazia vifaa vyote kwa mpigo mmoja, pia hakuna anayepewa. Zinazobaki za kugawia simu na laptopu na printa na kamera na tivi ni kuanzia 1 mpaka 254. Idadi yake 254. Wote wamevuka, hakuna aliyevuka, zitoe hizo mbili, hesabu ile ile kabisa. Ruta yenyewe nayo inakula moja, kwa hivyo wageni ni 253. Saa zingine unaingia mahali pana watu wengi simu yako inazunguka tu haiunganiki, watu wanasema intaneti imeisha, kumbe intaneti ipo, zilizoisha ni anwani. Najua mtandao waweza kupangwa kwa ukubwa mwingine, msinirukie, lakini huu wa biti nane ndo uliozoeleka majumbani.

Na mmeona 255 imeangukia wapi? Ni ile ya kutangazia wote. 255 ni Tanzania, na kwa jinsi nyimbo za Bongo zinavyotufikia sote hapa pwani mpaka kwenye tuktuk, mimi naona imewafaa.

Njia nyingine ya kuifikia 254 ni kujumlisha: 2 na 4 na 8 na 16 na 32 na 64 na 128. Msihesabu kwa vidole, kuna ujanja. Kopa 2 kutoka kwa jirani. Ile 2 uliyokopa na 2 ya kwanza ni 4, hiyo na 4 iliyopo ni 8, hiyo na 8 ni 16, inajikunja hivyo hivyo mpaka 128 na 128 ni 256, sasa rudisha mkopo wa watu, 254. Ile mbili tena.

Na hii jumla ina watu ndani yake. Wewe una wazazi wawili. Mabibi na mababu wanne. Wazazi wa hao, wanane. Ukipanda vizazi saba, kizazi cha saba peke yake kina watu 128, na ukiwajumlisha wote kuanzia mama na baba ni 254. Wazee wetu walipokuwa wanataja nasaba, fulani bin fulani bin fulani mpaka majina saba, walikuwa wameshika watu saba kati ya 254. Waliobaki ni 247, na kati ya hao 127 ni wanawake, yaani wanawake wote, hakuna hata mmoja aliyetajwa. Mimi hilo hunikaa kichwani kuliko fomula yoyote, lakini tusonge. Kabla hamjanirukia lakini, hii ni hesabu ya nafasi, si ya vichwa. Hapa kwetu mtu anaoa mtoto wa ami yake na wala si habari, na wakifanya hivyo watoto wao, pale ambapo wangekuwa na wazazi wa mababu wanane, wanakuwa nao sita, manake wawili wamehesabiwa pande zote mbili. Ukipanda juu zaidi wanajirudia zaidi, basi 254 ni kikomo cha juu, huwezi kukipita, kukipungukia waweza sana.

Hii nyingine ni ya vijana wa mpira. Timu 128 kwenye mashindano ya mtoano, ukifungwa umetoka, mechi ngapi mpaka apatikane bingwa? Watu huanza kugawa, 64 raundi ya kwanza, 32 ya pili, wanaandika kwenye karatasi. Usiandike. Kila mechi inatoa timu moja nje, na lazima watoke 127 abaki mmoja, basi mechi 127. Zikichezwa nyumbani na ugenini mpaka fainali yenyewe, 254. Hiyo ndo hoja ninayoipenda kuliko zote za leo manake haina hesabu ndani yake, ina akili tu.

Haya twende kwa majirani, hapa nitakaa kidogo.

Namba za simu za ukanda huu zimepangana: 251 Ethiopia, 252 Somalia, 253 Jibuti, 254 sisi, 255 Tanzania, 256 Uganda, 257 Burundi. Waliopanga walikuwa wanagawa tu, Afrika ikapata zinazoanza na 2, hakuna aliyekaa akafikiria haya ninayoyasema. Lakini tazameni ilivyoangukia. Uganda 256, 2 kwa kipeo cha 8, safi kabisa, haina kigawo tasa chochote isipokuwa 2. Tanzania ni moja chini yake na Burundi moja juu yake, basi ukizidisha Tanzania kwa Burundi, 255 mara 257, wapata 65,535, ambayo ni namba kubwa kuliko zote unazoweza kuandika kwa biti 16. Tanzania yenyewe ni 3 mara 5 mara 17. Burundi ni tasa, tena si tasa ya kawaida, ni ya ukoo wa Fermat, zile tasa witiri zilizo kipeo cha 2 ukiongeza 1, na ukoo huo mpaka leo unajulikana una watu watano tu: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Watatu wa kwanza wote wameingia ndani ya Tanzania, wa nne ni Burundi.

Kwa nini ukoo huu una maana? Kwa sababu ya kuchora. Upewe rula isiyo na alama yoyote na kompasi, basi, ukaambiwa uchore umbo lenye pande zote sawa na pembe zote sawa. Pembe tatu rahisi, sita kila mtoto wa shule amechora kwa kuzungusha kompasi, tano yataka ufundi lakini Wagiriki wa zamani waliiweza. Saba haiwezekani. Tangu Wagiriki hakuna aliyeongeza la maana mpaka mwaka 1796, Carl Friedrich Gauss, kijana hajafika hata miaka 19, akaonyesha kwamba umbo la pembe 17 linachoreka. Baadaye kanuni nzima ikakamilika, Pierre Wantzel akafunga upande wa pili mwaka 1837: chukua idadi ya pembe, igawe kwa 2 tena na tena mpaka ikatae, kinachobaki lazima kiwe 1 ama kiwe namba za ule ukoo wa Fermat zimezidishwa bila yoyote kujirudia. Ikiwa sivyo, hakichoreki, si kwamba ni kigumu, hakichoreki milele.

Sasa pitisheni hiyo kanuni kwa ujirani wetu. Tanzania, 3 mara 5 mara 17, inachoreka. Uganda ni mbili tupu, inachoreka. Burundi, 257, inachoreka, na kuna mtu Friedrich Julius Richelot alichapisha mwaka 1832 namna ya kufanya, sijui alikuwa na subira ya aina gani. Kenya? Gawa kwa 2, yabaki 127, na 127 haimo kwenye ukoo. Hatuchoreki. Majirani watatu mfululizo wanachoreka kwa rula na kompasi na sisi tumekaa mlangoni tunaangalia, pamoja na Somalia na Jibuti na Ethiopia.

Msinune. 127 haimo kwenye ukoo wa Fermat kwa sababu ni wa ukoo mwingine, na mimi naona huo wa pili ndo mtamu zaidi. Fermat wanachukua kipeo cha 2 wanaongeza 1. Hawa wengine wanachukua kipeo cha 2 wanatoa 1, wanaitwa wa Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. 127 ni 2 kwa kipeo cha 7 toa 1, na ni tasa. Na kila namba ya Mersenne iliyo tasa inazaa namba timilifu, ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinarudisha namba yenyewe. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Inafuata 496. Ya nne ni 8,128, na hiyo ndo ya kwetu: 64 mara 127, ama ukitaka kwa Kikenya, 32 mara 254.

Tuivunje tuone. Vigawo vya 8,128 ukiiacha yenyewe: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, hivyo vinajumlika 127. Halafu 127, 254, 508, 1,016, 2,032, 4,064. Anza kujumlisha kutoka chini sasa. Zile ndogo saba ni 127, ongeza 127, imekuwa 254. Ongeza 254 iliyo kwenye orodha, 508. Ongeza 508, ni 1,016. Mnaona inavyojipanda yenyewe? Kila jumla uliyofika ndo kigawo kinachofuata, mpaka 4,064 na 4,064, 8,128. Ule mkopo wa mbili niliowaambia, ni mchezo ule ule umevaa nguo nyingine. Hapa 254, ambayo yenyewe ni pungufu na imekosa sura, ni ngazi ambayo ukiitoa hufiki juu.

Euclid, mwanahesabu Mgiriki, aliijua kanuni hii miaka kama 300 kabla ya Masihi, na 8,128 Mgiriki mwenzake Nicomachus ameitaja kama miaka 100 baada ya Masihi. Upande wa pili, kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa lazima iwe ya muundo huu, Ibn al-Haytham, huyu huyu wa elimu ya nuru na macho, alijaribu kuuonyesha kama miaka elfu iliyopita, akakaribia lakini hakumaliza, akaja kumaliza Euler karne ya 18. Na timilifu iliyo witiri je? Hakuna aliyewahi kuiona, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Mwenye usingizi mbaya ajaribu.

Kuna kisa cha 127 lazima niwape, hiki hunichekesha. Mwaka 1849 Alphonse de Polignac, Mfaransa, akasema kila namba witiri inayozidi 3 waweza kuiandika kama namba tasa jumlisha kipeo cha 2. Mfano 15 ni 13 na 2, 21 ni 17 na 4, 35 ni 31 na 4. Yapendeza. Na inasemekana alidai amezikagua mpaka milioni tatu! Haya tujaribu 127. Toa 1, yabaki 126, si tasa. Toa 2, 125, ni 5 mara 25. Toa 4, 123, ni 3 mara 41. Toa 8, 119, hiyo wengi hudhani ni tasa, ni 7 mara 17. Toa 16, 111, ni 3 mara 37. Toa 32, 95. Toa 64, 63. Zimeisha, kipeo kinachofuata ni 128 chenyewe kimeipita. Hakuna hata moja. 127 inakataa, na ndo ya kwanza kabisa kukataa ukianzia 5 kwenda juu. Milioni tatu bwana, na jibu lilikuwa limekaa kabla ya mia moja na thelathini, hata nusu saa na penseli haifiki. Na mkitaka ya pembeni, 251 ya Ethiopia nayo inakataa, hiyo nawaachia mkaifanye nyumbani, toeni 1, 2, 4 mpaka 128 muone.

Nilisema nitawaonyesha na vile ambavyo ni bahati tu. Mafundi wa mbao, chukueni futi yenu ile yenye inchi upande mmoja na milimita upande mwingine, tazameni inchi 10, milimita zimesoma 254 barabara, si 253 na kitu. Ni kwa sababu mwaka 1959 nchi kadhaa zinazotumia inchi, Marekani na Uingereza zikiwemo, zilikubaliana inchi moja iwe milimita 25.4 kamili. Wangekubaliana 25.5 ingekuwa hivyo pia. Hiyo ni makubaliano ya watu wamekaa mezani, haina undugu wowote na 127 wala na Mersenne, na mtu akikuletea kwenye wasapu kwamba ni ishara mwambie akalale.

Ya mkate wa sinia ni katikati, si bahati tupu na si undugu pia. Umepewa mkate wa sinia mzima na kisu, kata mistari iliyonyooka, upate vipande vingi iwezekanavyo, havijali ukubwa. Mkato mmoja vipande 2, miwili 4, mitatu watu husema 6 lakini ni 7 ukiupitisha wa tatu usiguse pale miwili ya kwanza ilipokutana, minne 11. Siri ni kwamba mkato wa ishirini ukiuvusha juu ya yote kumi na tisa iliyotangulia unaongeza vipande ishirini, kila mkato unaongeza namba yake. Kwa hivyo anza na 1, ongeza 1, ongeza 2, ongeza 3, mpaka mkato wa 22, umefika 254. Sijasema nani atakula vipande hivyo, vingine vitakuwa chembe. Ile 1 mpaka 22 peke yake ni 253, Jibuti, ambayo ndo idadi ya watu wawili wawili wanaoweza kupatikana kwenye chumba cha watu 23, na kwa wingi huo wa jozi ndo sababu watu 23 tu wakikutana, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Lakini kwamba mikato 22 imeangukia 254, hapo hakuna zaidi. Hiyo fomula inapita 232, inapita 254, inapita 277, haijui kama kuna 256 pale karibu. Ndo maana nasema ukitaka kupima kama jambo la namba lina kina, uliza kama lingekuwepo hata 256 isingekuwa jirani. Vijana wa Likoni, anwani za ruta, mababu, 8,128, yote yangekufa. Inchi na mkate vingebaki vile vile.

La mwisho ni la 127 pia. Anzeni na 2. Ipandishe, 2 kwa kipeo cha 2 toa 1 ni 3, tasa. Tumia 3, 2 kwa kipeo cha 3 toa 1 ni 7, tasa. Tumia 7, ni 127, tasa. Tumia 127 sasa: 2 kwa kipeo cha 127 toa 1. Hiyo ina tarakimu 39, nimeiandika hapa niisome kwa pumzi moja sijui kama nitaweza, 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Mersenne aliiweka kwenye orodha yake mwaka 1644 bila kuonyesha kazi, na kwenye orodha hiyo hiyo aliweka vipeo vya 67 na 257 ambavyo vyote viwili baadaye vilionekana havitoi tasa, kwa hivyo neno lake halikutosha. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kwa mkono, bila mashine yoyote, kwamba kwenye 127 Mersenne alikuwa sahihi, ni tasa. Haijawahi kupatikana kubwa zaidi yake kwa hesabu ya mkono, na ilikaa ndo tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka 1951, miaka 75. Na iliposhushwa, moja ya zilizoipita mwaka huo huo, ile ya Miller na Wheeler pale Cambridge kwenye kompyuta yao EDSAC, ilitengenezwa kwa hii hii: chukua mraba wake, zidisha kwa 180, ongeza 1, tarakimu 79.

Eugène Catalan alishauona huo mnyororo wa 2, 3, 7, 127 mwaka ule ule wa Lucas, na swali ni la wazi, inayofuata nayo ni tasa? Chukua ile namba ya tarakimu 39 uifanye kipeo cha 2, toa 1. Tasa kubwa kuliko zote tunazozijua leo ilitangazwa Oktoba 2024, aliipata Luke Durant, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, nayo ina tarakimu 41,024,320. Hii ya mnyororo wetu hata idadi ya tarakimu zake ni namba yenye tarakimu 38. Huwezi kuiandika, karatasi zote za duniani hazitoshi, na ile njia ya Lucas haiwezi kuimaliza kwa mashine yoyote iliyopo. Kilichobaki ni kuijaribu kwa vigawo vidogo kimoja kimoja, watu wamejaribu, mpaka sasa hakuna kilichoingia.

Naona kuna mkono umeinuka kitambo kule karibu na mlango, haya karibu uliza, na ukiwa na swali la inchi usiniulize mimi.